Namna ya Kuanzisha Kampuni Inayobadili Sekta Kongwe Ukiwa Mgeni Ndani Yake: Mwongozo Kamili

Waliobadili sekta kongwe mara nyingi hawakulelewa na sekta hizo. Malcom McLean, aliyegeuza usafirishaji wa mizigo baharini kwa kutumia makontena, alikuwa mfanyabiashara wa malori. Arunachalam Muruganantham, aliyebuni mashine ya bei nafuu ya kutengeneza taulo za kike nchini India, alikuwa fundi wa karakana ya kuchomelea vyuma aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 14. Brian Chesky na Joe Gebbia wa Airbnb, huduma ya mtandaoni ya kupangisha nyumba kwa wasafiri, walisomea usanifu wa bidhaa na hawakuwa na uzoefu wa hoteli, na Jack Ma alikuwa mwalimu wa Kiingereza kabla ya kuanzisha Alibaba, kampuni ya Kichina ya biashara ya mtandaoni, mwaka 1999. Kutokana na mifano ya aina hii, watu wengi wamefikia imani kwamba ugeni wenyewe ni nguvu, na kwamba asiyeijua sekta ndiye anayefaa kuibadili.

Imani hiyo imewapotezea watu akiba zao, na mwongozo huu umeandikwa kwa kiasi kikubwa ili kuipinga. Nguvu ya mgeni hutoka mahali pawili: hana mapato yanayotegemea utaratibu uliopo, na mara nyingi amesimama pale hasa ambapo gharama ya utaratibu huo inaangukia. Kazi yake ni kuitafuta dhana moja ambayo wenyeji wanafaidika kwa kutoigusa, kuthibitisha kwa jaribio la gharama ndogo kwamba biashara inaweza kwenda bila dhana hiyo, na kuyaacha mengine yote kama yalivyo mpaka uthibitisho upatikane. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa mfuatano huo, ingawa katika utendaji utajikuta unarudi nyuma mara kwa mara, hasa kwenye hatua ya pili.

Hatua ya kwanza: anza na gharama unayoibeba wewe mwenyewe

Katika miaka ya mwanzo ya 1950, meli ya mizigo ilipakiwa kipande kwa kipande. Magunia, mapipa, makasha na marobota yaliteremshwa kutoka kwenye lori, yakahesabiwa, yakawekwa kwenye ghala la bandari, yakahesabiwa tena, yakainuliwa kwa winchi, kisha makuli wakayapanga kwa mikono ndani ya tumbo la meli. Katika bandari ya pili kazi yote ilirudiwa kinyumenyume. Wenye meli waliiona kazi hiyo kuwa ndiyo usafirishaji wenyewe. Kwa mwenye malori ilikuwa ni foleni: lori limesimama, dereva analipwa, na hakuna mzigo unaosogea. McLean hakuhitaji kipaji cha pekee ili kuiona kasoro hiyo, kwa kuwa ilimgharimu fedha kila siku.

Kabla ya kufikiria bidhaa, andika sentensi moja inayotaja nani anaumia, anapoteza nini, na mara ngapi. Kama huwezi kuiandika bila maneno ya jumla kama vile “ufanisi” au “changamoto”, bado hujaliona tatizo kwa karibu. Kisha tafuta ushahidi kwamba wanaoumia wamekwisha kujaribu kujisaidia kwa njia za kuungaunga: wanakopeshana wenyewe, wanaagiza kwa makundi, wanatunza kumbukumbu katika daftari la pembeni kwa sababu mfumo rasmi hauwatoshi. Tatizo ambalo hakuna aliyejaribu kulikwepa kwa namna yoyote huwa ni kero ndogo, na watu hawalipi fedha ili kuondolewa kero ndogo.

Hatua ya pili: ifuate biashara moja kutoka mwanzo hadi mwisho

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayoamua mambo kuliko zote. Chagua tukio moja halisi la kibiashara ndani ya sekta unayoikusudia: shehena moja, mkopo mmoja, kitabu kimoja kinachochapishwa, nyumba moja inayouzwa. Lifuate tangu linapoanza mpaka fedha ya mwisho inapobadili mkono. Katika kila kituo andika mambo matano: nani anaushika mzigo au waraka, anaushika kwa muda gani, analipwa kiasi gani na lini, anahofia nini, na ni karatasi gani inayotiwa saini.

Chukua mfano wa kipuri cha mashine kinachotoka kiwandani, kikapitia kwa mwagizaji, muuzaji wa jumla na muuzaji wa rejareja, ndipo kikafika karakana. Mgeni akiutazama mnyororo huu huona bei ikipanda katika kila kituo, na mara moja huamua kuanzisha programu ya simu itakayowaondoa watu wa kati. Akijaza ile safu inayouliza malipo hufanywa lini, atagundua kwamba karakana hailipi papo hapo. Huchukua kipuri leo na kulipa baada ya siku 30 au 60, yaani baada ya mwenye mashine kuilipa karakana. Muuzaji wa jumla anayeonekana kuongeza bei bila sababu ndiye benki ya mnyororo mzima, na katika bei yake mna riba, mna hasara ya madeni yasiyolipwa, na mna thamani ya kumfahamu kila mteja kwa tabia zake. Atakayemwondoa hana budi kukopesha badala yake. Mgeni aliyeligundua hili mapema anaweza kuanzisha huduma ya mikopo kwa karakana na akafanikiwa kwa njia ambayo hakuiwazia, ilhali ambaye hakuligundua atajenga programu nzuri isiyonunuliwa na mtu.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo mahojiano peke yake hayatoshi. Omba kazi ya muda ghalani, kaa na karani anayepokea malalamiko, panda gari la usambazaji, hata kwa majuma machache. Unachokitafuta ni ile elimu ambayo wenyeji hawaitaji kwa sababu kwao ni ya kawaida mno. Muruganantham alianza kwa kuamini kwamba taulo za kike ni pamba tu, akazitengeneza kwa pamba, nazo zikavuja. Alijaribu kuzivaa mwenyewe, akiwa amebeba mpira uliojazwa damu ya mbuzi ili kupima uwezo wa kufyonza. Ilimchukua zaidi ya miaka miwili kugundua kwamba viwanda vikubwa vilitumia nyuzi za selulosi zitokanazo na mbao, na kwamba ugumu wa biashara nzima ulikuwa katika mashine ya gharama kubwa inayozichambua nyuzi hizo. Baada ya kuujua ukweli huo, lengo lake likawa wazi: kutengeneza mashine ndogo inayofanya kazi hiyohiyo kwa hatua chache zinazoeleweka kwa mtu wa kawaida.

Hatua ya tatu: itambue dhana inayolindwa na mapato

Sekta kongwe huwa na watu wenye akili, na mabadiliko mengi yaliyo dhahiri wamekwisha kuyafikiria. Kwa hiyo ukiona jambo la wazi ambalo halijafanywa, jiulize kwanza nani angepoteza fedha kama lingefanywa. Dhana iliyokaa miaka mingi bila kuguswa huwa na mtu anayelipwa kutokana nayo.

James Dyson alitengeneza mifano ya majaribio 5,127 kabla ya kuridhika na kifyonza vumbi kisichotumia mfuko. Alipoipeleka teknolojia hiyo kwa watengenezaji wakubwa, hawakuitaka, nao walikuwa na sababu: mifuko ya kubadilisha ilikuwa biashara ya kudumu ambayo kila mashine iliyouzwa iliiendeleza kwa miaka. Hali ilikuwa hivyo kwa maduka ya Blockbuster nchini Marekani, ambayo yalipata mapato makubwa kutokana na faini za wateja waliochelewa kurudisha filamu. Netflix ilipoanza mwaka 1999 kukodisha DVD kwa ada ya mwezi isiyo na faini, Blockbuster haikuweza kuiga bila kujiumiza, na ilipoziondoa faini hizo mwaka 2005 mapato yake yalipata pigo. Mwaka 2010 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Orodhesha basi kila chanzo cha mapato cha wakongwe, na mbele ya kila kimoja andika kama mteja anakilipia kwa hiari au kwa kukosa namna. Faini, mifuko, tofauti ya viwango vya kubadilisha fedha, ada za kusubiri, vipuri vinavyopatikana kwa muuzaji mmoja tu: haya ndiyo maeneo ya kuanzia. Mkongwe akiweza kukuiga bila maumivu, atakuiga, na ana mtaji mkubwa kuliko wako. Unahitaji dhana ambayo kuiacha kutamuuma.

Hatua ya nne: wahudumie kwanza wale ambao wakongwe hawawahitaji

Clayton Christensen, aliyekuwa profesa wa Harvard, alieleza jambo hili kwa mfano wa chuma ambao bado haujapata mpinzani. Viwanda vidogo vilivyoyeyusha vyuma chakavu kwa tanuri za umeme vilianza na nondo za ujenzi, bidhaa ya chini kabisa yenye faida ndogo. Viwanda vikubwa viliachia soko hilo bila uchungu, kwa kuwa kuliacha kuliongeza wastani wa faida yao. Kisha vile vidogo vikapanda hatua kwa hatua hadi kwenye bidhaa za chuma bapa, na mwaka 1989 kampuni ya Nucor ikafungua huko Crawfordsville, Indiana, kiwanda kilichotengeneza chuma cha aina hiyo kwa njia mpya ya gharama ndogo. Wakongwe walikuwa wamerudi nyuma kwa hiari katika kila ngazi.

Kwa hiyo usiombe kukutana na mteja mkubwa kuliko wote katika sekta. Watafute wanaonunua kidogo mno, wanaoishi mbali mno, au ambao hawajawahi kununua kabisa kwa sababu ya bei. Kwao bidhaa yako isiyokamilika hulinganishwa na kukosa kabisa, na mashindano ya namna hiyo unaweza kuyashinda.

Hatua ya tano: jaribu kwa mikono kabla ya kujenga

Taavet Hinrikus na Kristo Käärmann, Waestonia wawili waliokuwa London, walikuwa na tatizo linalofanana kwa upande wa pili. Mmoja alilipwa kwa yuro na kutumia pauni, na mwingine alilipwa kwa pauni huku akiwa na mkopo wa nyumba wa kulipa kwa yuro. Kila mwezi walitazama kiwango halisi cha soko, mmoja akaweka pauni katika akaunti ya mwenzake, naye akawekewa yuro katika yake. Hakuna fedha iliyovuka mpaka, na hakuna benki iliyopata tofauti ya kiwango. Biashara yote ya kutuma fedha iliyokuja kuitwa TransferWise mwaka 2011 ilikuwa tayari imethibitishwa na watu wawili wasio na programu yoyote. Waanzilishi wa Netflix nao, katika mwaka 1997, walitia diski ya muziki katika bahasha na kuituma kwa posta ili kuona kama itafika salama. Ilifika, wakaendelea.

Jaribio jema lina masharti matatu. La kwanza ni kwamba liiguse ile dhana yenyewe uliyoitambua katika hatua ya tatu, maana kupima mambo ya pembeni kama vile jina au rangi ya tovuti hakukupi jibu lolote. La pili ni kwamba mtu alipe fedha yake, hata kama ni kidogo, kwa sababu sifa za mdomo hutolewa kwa ukarimu na hazigharimu kitu. La tatu, ambalo ni gumu, ni kwamba uandike kabla ya kuanza matokeo yatakayokufanya uache. Asiyeweka mpaka huo mapema atayatafsiri matokeo yoyote kuwa ni dalili ya mafanikio, na atafanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Usione haya kuendelea na kazi ya mikono hata baada ya kampuni kuanza. Chesky na Gebbia, walipoona nyumba zilizotangazwa New York hazipati wageni, walikwenda wenyewe na kamera ya kukodi, wakapiga picha nzuri nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo isingeweza kuendelea kwa nyumba milioni moja, lakini iliwafundisha kwamba mgeni alihitaji kuona mahali atakapolala kabla ya kuamini, nao wakaujenga ukweli huo ndani ya huduma yao.

Hatua ya sita: kokotoa kwa kipimo kimoja

Tarehe 26 Aprili 1956 meli ya McLean iitwayo Ideal-X, iliyokuwa meli ya mafuta ya wakati wa vita, iliondoka Newark kuelekea Houston ikiwa na makontena 58 juu ya sitaha yake. Hesabu iliyofanywa baadaye ilionyesha kwamba kupakia mizigo ya kawaida, kipande kwa kipande, kuligharimu dola 5.86 kwa tani, na kupakia ile meli kuligharimu chini ya senti 16 kwa tani. Hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kuwashawishi watu, kwa kuwa kila mtu katika biashara ya meli aliifahamu tani.

Tafuta kipimo ambacho sekta yako tayari inakitumia, iwe ni tani, kitanda kwa usiku, lita, au ukurasa, kisha weka kando kwa kando gharama yao na gharama yako kamili. Ndani ya gharama yako tia mshahara wako hata kama hujilipi, bidhaa zinazorudishwa, wateja wasiolipa, na fedha inayotumika kumpata kila mteja mpya. Tofauti ya asilimia kumi haitoshi. Mteja anayehama hupata hasara zake: lazima ajifunze utaratibu mpya, avunje uhusiano wa miaka, na abebe lawama kama mambo yataharibika. Unafuu unaomletea sharti uzidi hasara hizo kwa mbali. Ukiona tofauti ni ndogo, rudi kwenye hatua ya tatu, kwani huenda umeigusa dhana isiyo na uzito.

Hatua ya saba: mtafute mwenyeji, na uisome sheria

McLean hakulichora kontena peke yake. Alimwajiri mhandisi Keith Tantlinger, ambaye tayari alikuwa amewahi kutengeneza masanduku ya mizigo, na ndiye aliyebuni namna ya kuyafunga makontena kwenye pembe zake ili yapangwe moja juu ya jingine bila kuanguka. Mwenyeji unayemhitaji ni mtu wa aina hii: anaifahamu kazi kwa undani na ameshachoshwa na utaratibu wake. Mshirikishe mapema, mpe hisa kwa mkataba ulioandikwa, na umpe ruhusa ya kukwambia kwamba wazo lako haliwezekani. Mkurugenzi mstaafu mwenye jina kubwa hupamba barua kwa wawekezaji, lakini mara nyingi uaminifu wake bado uko upande wa zamani.

Kuhusu sheria, fanya kazi mbili. Ya kwanza ni kujua kama kanuni inayokuzuia inalinda soko la mtu au inalinda maisha ya watu. Shirika la ndege la Southwest lilisajiliwa mwaka 1967, likashtakiwa na mashirika yaliyokuwapo, na likaruka mara ya kwanza Juni 1971 baada ya miaka ya kesi ambazo wakili Herb Kelleher aliziendesha hadi akashinda. Mkakati wake wa kisheria ulikuwa makini: kwa kuruka ndani ya Texas tu, shirika halikuhitaji kibali cha mamlaka ya shirikisho iliyodhibiti nauli na njia. Kanuni iliyowazuia ililinda soko, na kuipinga kulikuwa haki. Theranos, kwa upande mwingine, iliingia katika upimaji wa damu mwaka 2003 ikidai kupima magonjwa mengi kwa matone machache, na ikauchukulia uhakiki wa kisayansi kuwa ni kikwazo cha wakongwe. Vipimo vyake havikuwa vya kutegemewa, wagonjwa walipewa majibu yasiyo sahihi, na mwanzilishi wake Elizabeth Holmes alitiwa hatiani Januari 2022 kwa kuwalaghai wawekezaji. Katika tiba, chakula, usafiri na amana za watu, kanuni nyingi zimeandikwa baada ya vifo au hasara. Mgeni anapaswa kujua kila moja ilizaliwa na tukio gani kabla ya kuiita ya kizamani.

Kazi ya pili ni kumwendea mdhibiti kabla hajakujia wewe, ukiwa na maelezo mafupi ya jaribio lako, idadi ya wateja, na jinsi fedha au usalama wao unavyolindwa. Pata jibu lake kwa maandishi.

Hatua ya nane: mtaji na upinzani

Kuhusu mtaji ushauri ni mfupi: chukua kiasi kinachotosha kujibu swali linalofuata. Sara Blakely, aliyekuwa akiuza mashine za faksi, alianzisha Spanx, kampuni ya nguo za ndani za kubana mwili, kwa akiba yake ya dola 5,000 na kuandika mwenyewe sehemu kubwa ya ombi la hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, hivyo akabaki na umiliki na uhuru wa kuamua. Biashara yenye mashine nzito haiwezi kwenda hivyo, na kwa hiyo mwekezaji ni wa lazima. Mwambie kwa uwazi swali gani fedha yake italijibu na litajibiwa lini.

Upinzani utakuja, na kwa kawaida hauji kwa njia ya bei peke yake. Wauzaji wa samani nchini Sweden walivishinikiza viwanda visiiuzie IKEA katika miaka ya 1950. Ingvar Kamprad aligeukia usanifu wake mwenyewe, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaanza kununua kutoka Poland, ambako gharama ilikuwa ndogo zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kuanza kuuza kwa wazi, chora ramani ya kila mtu unayemtegemea ambaye pia anawategemea wakongwe: msambazaji, benki, mwenye ghala, mwenye leseni. Kwa kila mmoja uwe na mbadala uliokwisha kuzungumza naye, hata kama bado hujanunua kwake.

Ukishavuka hapo, utakabiliwa na uamuzi wa nini ukishike na nini ukiachie. Muruganantham aliamua kuyauzia mashine zake makundi ya wanawake, ambao wenyewe wangetengeneza na kuuza taulo kwa majirani zao, badala ya kujenga kiwanda kimoja kikubwa. Kwa njia hiyo bidhaa ikafika mahali ambapo maduka hayakuwapo na aibu ya kununua ikapungua. McLean naye, makampuni mengine yalipoanza kutengeneza makontena ya vipimo visivyolingana, aliiruhusu tasnia kutumia bila malipo hataza za pembe na vifungo vilivyobuniwa na Tantlinger. Shirika la kimataifa la viwango likazitumia kama msingi wa kontena moja linaloweza kupakiwa katika meli yoyote, treni yoyote na lori lolote. Kampuni yake ilipoteza upekee wa kifungo, ikapata bandari za dunia nzima zinazoweza kupokea mizigo yake. Kaa na mhasibu na mwanasheria wako uupige hesabu uamuzi huo mapema, wakati kampuni bado ni ndogo na hataza bado ina jina lako peke yako.